Ngeli ya Ki-

"Nipa kile," yuwaniambia.
Kile kipi, Shufaa?
"Kile. Kilichoko pale. Cha... cha..."
Na mkono wa kushoto, ule uliosalia na nguvu,
wachota hewa, waikamua
mpaka tone la mwisho.

Nami nimesimama jikoni, Kibokoni, saa mbili asubuhi,
karani mstaafu wa bandari,
niliyehesabu makontena miaka thelathini na mmoja
bila kupoteza hata moja,
natafuta kitu kinachoanza na ki.

Si kisu. Si kijiko.
Si kibao cha mbuzi: nakiinua, atikisa kichwa,
lakini si sana. Niko karibu.
Kifumbu!
"Kifumbu," asema, kama mtu aliyerudishiwa
pete aliyodhani imetumbukia chooni.
"Kifumbu. Kifumbu."
Tui halijachujwa, kimeshatoroka tena.

Damu iliganda kichwani akipima mikono ya kanzu
ya bwana harusi wa Ndia Kuu.
Tepu ilibaki shingoni mwake
mpaka ndani ya gari la wagonjwa.
Kule Makadara walinieleza mengi, kwa picha ya ubongo,
ila hili hawakuniambia:
kwamba jina laweza kwenda zake
likaacha viatu mlangoni.

Maana viatu vipo.
"Umeufunga?" Basi ni mlango.
"Yamechemka?" Maji, au maziwa, au maharagwe;
nachungulia sufuria zote.
"Zimeletwa?" Hapo nakaa chini,
kwani vya kuletwa vyenye zi ni vingi mno
na mimi sikusoma sarufi, nilisoma namba za makasha.

Alhamisi huja Mumbua na kadi zake,
binti mpole, saa yake haimuachi.
Kadi ya kwanza: tufaha.
Shufaa akalitazama, akanitazama mimi.
Hata alipokuwa mzima hakuwahi kulinunua.
"Embe," akasema. "Embe la... wagonjwa."
Mumbua akaandika sufuri.
Mimi ningempa mbili.

Mwambie ahesabu: moja hadi arubaini, hashiki breki.
Mwanzishie Alhamdu, ataimaliza kabla yako.
Na siku nilipounguza mahamri
alisimama mlangoni na mkongojo wake:
"Wee mwanamume, pua umeiweka rehani?"
Nzima! Bila shimo, bila kamba ya kuvukia!
Nilitamani kuunguza sinia la pili.

Bi Zeyana wa chini akipanda kutujulia hali
humpigia kelele, kana kwamba ni masikio yaliyougua.
Tena humalizia sentensi zake,
kama mtu alaye sahani ya mwenziwe
huku akimwambia, kula, kula.
Shufaa hunyamaza. Hutazama dirisha.
Nami nimejifunza kungoja, kazi nzito kuliko makontena:
kuliona neno liko ncha ya ulimi wake
na kuuzuia wangu.

Jina langu halijarudi.
Ni "wewe", ni "huyu", ni "yule wa meli".
Siku moja nilikuwa "Kabati",
akajua amekosea, akalia,
nikamwambia kabati si baya, lina milango miwili.

Jana usiku umeme ulipotea.
Nikiwa sebuleni napapasa kiberiti, nikamsikia chumbani:
"Nipa... nipa yule."
Nikasimama gizani, nikapiga hesabu.
Yule. Ngeli ya watu, na wanyama pia.
Nikamchukua paka kwenye mkeka,
nikampeleka, nikamweka kifuani pake.

Akacheka.
Akacheka hata pembe ya kulia ya mdomo,
ile iliyolala tangu Shaabani, ikatikisika.
"Si... si..." akasema,
na ule mkono wa kushoto ukamsukuma paka,
ukanishika kola.