Kilo za Kuvuta

Ngazi ni arubaini na mbili. Nazijua idadi
kwa sababu kliniki ya migongo, hapa Ngara,
wameiweka ghorofa ya tatu, na lifti
imebandikwa karatasi tangu Januari:
Inatengenezwa.
Kama mimi.

Bi Nekesa ananifunga mikanda miwili,
mmoja chini ya mbavu, mmoja juu ya nyonga,
ananipandisha miguu kwenye stuli, magoti yamekunjwa
kama ya kuku anayesubiri mnunuzi.
Kamba inatoka kiunoni, inapita kwenye kapi,
inaingia katika kisanduku cha rangi ya maziwa yaliyolala.
"Leo kilo ishirini na tano," anasema.

Kilo nazijua.
Miaka kumi na tisa Marikiti, saa tisa usiku,
malori ya Nyandarua yakirudi kinyumenyume,
nimebeba viazi vya lumbesa
hadi madalali wakawa wananiuliza kabla ya kupima:
Mutinda, hili ngapi?
Nami nataja, na chuma kinanikubalia.
Lakini kilo zile zote zilikuwa za kushuka.
Sikujua kuna kilo za kuvuta,
kilo zinazokwenda upande wa miguu, polepole,
kama mtu anayefungua bahasha asitake kuichana.

Picha yangu imebandikwa dirishani, jua nyuma yake.
Pingili zimepangana kama sufuria za harusi,
na kati ya ya nne na ya tano
kisahani kimechungulia nje,
ulimi wa mtoto mtundu, kikaugusa mshipa wa fahamu.
Mshipa huo ukiguswa
hupiga simu moja kwa moja
hadi kidole kidogo cha mguu wa kushoto.

Daktari wa kule Upper Hill alisema kisu.
Akaandika bei, akaikunja karatasi,
akanisukumia mezani kama mtu anayehonga.
Niliikunjua nje, langoni. Nikaikunja tena.
Kaluki, mke wangu, akasema:
"Kwanza wakuvute. Kukatwa hakuna foleni."

Sekunde sitini inavuta.
Ishirini inalegeza.
Katika zile ishirini namsikia jirani nyuma ya pazia,
Bwana Gathogo, fundi wa nguo.
"Inakusaidia?"
"Sijui. Wewe?"
"Sijui."
Namwambia wahenga walisema
mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Anacheka, kisha anajikamata, kucheka kunauma.
"Mimi sijabeba hata ndoo, ndugu yangu.
Nimebeba uzi. Miaka thelathini, nimeuinamia."
Kamba inakaza. Tunanyamaza wote wawili.

Bi Nekesa hauzi matumaini.
"Wengine huamka wakacheza," aliniambia siku ya kwanza,
"wengine hurudi vilevile, na hao nawapeleka kwa wenye visu.
Na ukisikia ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukagoma,
usiningoje mimi. Kimbia hospitali, hata usiku wa manane."
Nilimpenda kwa hilo.
Sokoni hakuna aliyewahi kuniambia
mzigo huu huenda ukakushinda.

Mwanangu Mbithi hunipima mlangoni kwa penseli.
Siku za kuvutwa nazidi unene wa shilingi moja.
Jioni nimeshairudisha.
Hufuti alama yake. Anasema ni ya kumbukumbu.

Leo ni mara ya sita.
Nashuka ngazi nikishikilia ukuta, nikiyasindikiza maumivu
kama askari anayemsindikiza mwizi anayemfahamu:
kiuno, tako, paja, goti.
Hapo yakasimama.
Nikasimama nami, mguu mmoja hewani, niyangoje yaendelee.
Hayakuja.

Mlangoni pa jengo, mama mmoja na mfuko wa mahindi.
"Kijana, hebu niinulie."
Mikono ilitangulia, haina adabu mikono hii.
Nikairudisha mifukoni. Nikautazama mfuko vizuri.
"Kilo nane na robo, mama," nikamwambia,
nikamwita mvulana aliyekuwa akipita.