Swichi ya Sita

Miaka yote waya mmoja ulitosha:
Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka,
kila stesheni imening'inia humo na kisikizio chake,
ukipiga chafya Malagarasi
Uvinza wanakujibu, "Afya!"

Leo nimeletewa sanduku la chuma, swichi sita,
na karatasi yenye muhuri: *Tenganisha.*
Laini A, mwendo wa treni. Laini B, mafundi wa njia.
Porojo, hakuna.

Nikamwambia Msimbira, anayejifunza kwangu:
pini ya kwanza ardhi, ya pili umeme, ya tatu sauti.
Vimelala ganda moja lakini usivichanganye.
Na laini moja, chanzo kimoja. Volti thelathini, basi.

Hakusikia. Alikwisha kuchomeka boksi jingine la umeme
"ili iwe na nguvu, fundi."
Tulipowasha, chumba kizima kikavuma,
mvumo wa nyuki waliotiwa moshi vibaya.
Baba alirina asali Sikonge, mvumo huo naujua
tangu nabebwa mgongoni.
Mzinga mmoja, malkia wawili?
Nikachomoa kebo yake. Sikumgombeza.

Kisha kipingamizi, kimoja tu, mwisho wa laini.
Kila stesheni ikiwa na chake
sauti zinazama kama nguo beseni.

Saa kumi na moja jioni kazi imekwisha.
Kwenye A ni namba: behewa kumi na nane, nafasi ya njia, sawa, sawa.
Kwenye B ni nyundo na mtu anayetafuta spana.
Safi. Hata mkaguzi angekula kwenye sakafu ya laini ile.

Lakini saa nne usiku Bilago wa Uvinza
akauliza, kama anavyouliza kila saa nne:
"Urambo, umeshakula?"
Mwamini wa Urambo nimemhamishia B.
Bilago akangoja.
Akauliza tena, polepole, kama mtu aliyekosea mlango.

Msimbira alinitazama. Nilitazama swichi ya sita,
ile iliyoandikwa UNGA.

"Nimekula. Ugali na mlenda. Wewe?"
"Mgebuka. Wa jana."
"Haya."

Ndiyo hayo tu.

Daftarini nimeandika:
*Saa 4:06 usiku. Majaribio ya kuunganisha A na B. Dakika nne.
Pande zote zinasikika.
Majaribio yarudiwe kesho, saa ile ile.*