Sakafu Imeshuka

Fomu ya ukumbi wa Wete ina visanduku sita.
Jina la kikundi. Mwenyekiti. Aina ya ngoma.
Mimi ndiye karani, funguo ninazo mimi,
na kisanduku kitupu kwangu ni mlango uliofungwa.

Walikuja Jumatatu, mvua ya masika inapiga bati,
wanne, hawafanani hata viatu:
Bikombo, mshonaji wa Jadida, na mwanawe Mize
ambaye sauti haijapata kumfikia sikioni;
Asaa Shaame wa Limbani, kigari chake
kinachuruzika maji ofisini mwangu;
na Dominiki Nantanga, mchonga vinyago,
aliyezaliwa hospitali hii hii ya hapa juu
na kila msimu wa karafuu huulizwa: Umeingia lini?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ana miaka arobaini na moja,
na patasi kaja nayo mwenyewe.

"Jina la kikundi?"
Wakatazamana.
"Ngoma gani?"
"Msewe," akasema Asaa. "Na za kwao Dominiki. Tutaona."
Tutaona haimo kwenye fomu.

Walitaka chumba cha juu, chenye sakafu ya mbao,
maana Mize ngoma huisikia kwa nyayo.
Juu ya saruji, alisema mamake, mwanangu kiziwi.
Juu ya mbao, hashindwi na mtu.

Nikazihesabu ngazi bila kutaka: kumi na saba.
Asaa alikuwa keshazihesabu,
miaka mingi kabla yangu.
"Nendeni nyie," akasema, "mie ntasikiliza kwa chini."
Akacheka. Akacheka peke yake.

Dominiki akapanda. Tukamsikia akigonga kwa kisigino,
ubao mmoja, ubao wa pili, kama daktari mgongoni pa mtu.
Akashuka na vumbi magotini.

"Asaa hapandi," akasema.
"Sakafu itashuka."

Sikuandika barua Chake.
Ningeandika, tungekuwa tunangoja mpaka leo.
Vijana wa kirumbizi, waliozoea kutwangana fimbo,
siku tatu wakatwangana na misumari yenye kutu.
Mbao zilizoliwa na mchwa tukaziacha huko huko,
nzima zikateremshwa, moja moja, mabegani,
na chini yake tukatandika makumbi ya nazi
ili zipate pa kupumulia.
Mafaili yangu ya miaka ishirini yamehamia chini ya meza.
Nayapiga teke kila ninapokaa.

Jumamosi ya kwanza Dominiki aliiota ngoma yake kwa moto wa makuti,
akaigonga kwa kucha, akaiota tena.
Mize akavua ndara.
Msewe, ambao Asaa hana pa kuufunga,
Bikombo aliushona kwenye spoku za gurudumu, kushoto na kulia,
kwa uzi ule ule wa kushonea mabuibui.

Asaa akaingia.
Mize alikuwa kampa mgongo.
Akageuka kabla hajamwona.

Sijui niseme nini juu ya hapo.
Nilikwenda kusimamia taa zisiachwe zinawaka
na nikajikuta sina viatu.

Jina bado hawana, la kuandikwa.
La mkono wanalo: Mize alilitunga,
kiganja kikilalishwa chini, wazi, kikisubiri.
Basi nikaweka kiganja changu juu ya fomu,
nikakizungushia kalamu.
Vidole vikatoka nje ya kisanduku,
cha kati kikafika kwa mwenyekiti.

Jana imerudi kutoka Chake, wino mwekundu:
Jaza kwa herufi kubwa.
Na chini, kwa mwandiko mwingine:
Chumba cha juu hakina sakafu. Toa maelezo.

Maelezo.
Nimetafuta karatasi, nimekosa pa kuanzia.
Kesho Jumamosi. Amekuja mama kutoka Kojani na wanawe wawili,
hawajasema wanataka nini, wameulizia saa tu.
Na ubao wa tatu kutoka mlangoni umeanza kulegea.