Betri

Kilo ishirini na sita. Niliipima Buhingu
kwenye mizani ya mnunuzi wa dagaa,
akacheka: hii hata ukiianika haipungui.

Askari wawili mbele, mimi nyuma na mzigo,
Kasagamba akifyeka njia iliyofungwa na masika.
Juu, Nkungwe, kajifunika ukungu gubigubi
kama mgonjwa asiyetaka wageni.

Saa nne bado tuko kwenye miyombo.
Mawe yanakimbia chini ya raba,
jasho laniingia jichoni, nashindwa kulifuta,
mikono yote miwili iko kwenye kamba.

Kisha, katikati ya msitu, mchikichi.
Mmoja. Umezeeka, umeota magugu kwapani.
Mchikichi haupandi mlima peke yake.
Chini yake jiwe la kusagia limejaa maji ya mvua,
viluwiluwi wanacheza pale unga ulipokuwa.

Mama aliwahi kunitajia, mara moja tu,
akichambua dagaa, bila kuinua uso:
kwetu kulikuwa na mchikichi
na mto unaoongea usiku.
Nilidhani ni homa.

Ulikuwa mchana, na mto uliongea.

"Twende," akasema Kasagamba, "mvua hiyo."

Mianzi. Baridi. Mgebuka mkavu
na ugali wa muhogo wa jana, mgumu kama sabuni ya mche.
Halafu miti ikakoma ghafla,
kama mazungumzo mwenye nyumba anapoingia.
Nyasi, upepo, mlingoti wa redio umeinama.

Njia nzima nilijiahidi: kileleni nitageuka,
nitaona ziwa, nitaona Kongo,
nitapaona pale, hata kama ni kidoa.
Nikageuka. Weupe.
Hata viatu vyangu sikuviona vizuri.

Askari akafunga nyaya, akabonyeza.
Mkwaruzo. Kisha kijana wa zamu, huko chini,
anatafuna kitu:
"Nakupata. Mko wapi?"
Akanisogezea redio kwa utani, haya, mjibu.
Nikabonyeza.
"Kwetu," nikasema.
"Rudia. Umekatika."

Sikurudia.
Kulikuwa na betri ya zamani ya kushusha.
Niliinama, nikaivuta kamba begani:
imekufa tangu Machi,
na uzito ni uleule.