Bidoni la Mzee Kyungu

Mwezi wa tatu nilimwacha Mzee Kyungu
kwenye foleni ya maji, kule Katuba,
bidoni la njano mkononi,
watu kumi na mmoja mbele yake.
Nikafunga daftari. Nikasema: kesho.

Kesho ikaja na kazi zake:
magunia ya makala ya kuhesabu kwa shemeji,
karo ya mtoto, umeme kukatika
saa ileile sentensi inapoanza kupata joto.
Kisha baridi ya mwezi wa sita. Kisha vumbi,
lile jekundu la Lubumbashi, linalolala juu ya karatasi
kana kwamba nalo lina jambo la kuandika.

Miezi sita, kurasa tatu.
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba;
hawasemi kitu juu ya kibaba chenye tundu.
Kwa mwendo huu, nilijiambia,
mwanangu ndiye atakayeandika neno "mwisho",
na mwandiko wake ni mbaya kuliko wangu.

Leo nimepita kwa Mama Mwad,
kibandani kwake nyuma ya soko la Kenya,
anapochapa barua za kuomba kazi,
mialiko ya harusi, matangazo ya msiba,
kila ukurasa na bei yake.
Nilikwenda kuzichukua zile tatu
mke wangu afungie karanga.

Hakuinua macho. Alikuwa akipuliza vumbi kwenye mashine.
"Ule mzee," akauliza, "angali anasimama?"
Mzee gani?
"Wa bidoni! Miezi sita, baba. Miguu haimuumi?
Na ule mwanamke wa mbele yake, wa kitenge kilichopasuka,
walikosana nini hata hawasalimiani?"

Sikuwa na jibu.
Sikukumbuka hata kama kuna mwanamke.
Nilimwandika kwa nusu mstari, usiku, kwa mshumaa,
ili tu foleni ijae.

Hakunisifu, nisidanganye.
Alisema koma zangu ni chumvi
ya mpishi mwenye mafua.
Lakini miezi sita, kati ya harusi na misiba ya watu,
kuna mtu alibaki amesimama pale bombani
na mzee wangu, akimngojea,
wakati mimi niliyemzaa nilishakwenda kulala.

Akanipa kurasa. Pesa ya ule wa tatu akaikataa.
"Utalipa siku utaleta ya ine."

Sasa ni usiku. Umeme hakuna, bukari imeliwa,
mtoto anakoroma na daftari lake la hesabu kifuani.
Nimeandika mistari minne,
nimefuta miwili, mmoja nimeurudisha.

Foleni imesogea.
Watu kumi, sasa, mbele ya Mzee Kyungu.
Na yule mwanamke ametua bidoni lake chini,
amekaza kitenge kiunoni,
amegeuka.

Bado sijui atasema nini.
Nachonga penseli.