Usiiulize Rangi

Kabla ya adhana ya kwanza lori la Loitokitok
limekwisha kushusha mzigo pale Marikiti,
na kakangu Mbatia anabeba kreti mbili mbili
kama mtu aliyebeba mito.
Kisha ananiita kwa sauti ya chini, wateja wasisikie:
"Hizi zimeiva ama bado?"

Kwake nyekundu na kijani ni udongo ule ule,
mmoja tu umelowa.
Basi nachagua mimi. Yeye hubonyeza kwa kidole gumba,
na kuna siku kidole hicho huyashinda macho yangu.

Jumanne alikuja binti wa Chiromo
na ubao wa matundu na vijiti vya chuma,
akihesabu sekunde kwenye simu.
Niliyajaza huku nikibishana bei ya hoho.
Mbatia aliangusha vitatu, akalaumu baridi.
Halafu picha za vipande vya mraba:
kikigeuzwa hiki, kitakuwa kipi?
"Hapa wanaume huwa wepesi," alininong'oneza, "kwa wastani."

Wastani! Huyo anauza nini, kibanda chake kiko safu gani?
Mimi ninayepanga kreti kwenye pikapu usiku, bila taa,
pasibaki pengo la kupitisha ngumi,
nilizigeuza picha zake kichwani kama chapati.
Mbatia naye alizipata, taratibu.
Binti akaandika, akafuta, akaandika.

Ndipo nikamuuliza habari ya rangi.
Hapo hakusitasita.
Huwapata zaidi wanaume, alisema,
na mwana hurithi kwa mamake.

Mama. Wangeci wa vyondo,
aliyetenganisha nyuzi kwa mwanga wa koroboi,
zambarau huku, hudhurungi kule, asikosee hata mmoja.
Yeye ndiye aliyekibeba kijigiza hicho
miaka yote, asikione.
"Na mimi?"
"Labda. Nusu kwa nusu."

Sijamwambia Mbatia.
Tumbo langu lina miezi mitano
na kila mtu sokoni anatabiri:
limechongoka, ni mvulana; limetanda, ni msichana.

Jana, wateja walipopungua, nilifumba macho,
nikamwambia anipe nyanya mbili, nibonyeze kama yeye.
Ya kwanza niliikosea.
"Polepole," akasema.
"Usiiulize rangi."