Daftari Lililogeuzwa

Bwana Omuse alipostaafu alituachia
boila linalokohoa, pasi mbili zenye kutu,
na daftari jeusi kwenye droo.
Humo tulikuwemo sote, kwa makosa.
"Nasambu, dakika kumi na mbili."
"Nasambu, shuka tatu hazionekani."
"Ondieki, tena."
Tena nini, hakuandika.

Alikuwa na methali moja, akiivaa kama koti:
mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Miaka kumi na tisa katika chumba hiki cha kufulia,
hospitalini Kisumu, joto la mvuke na joto la mji
yakigombea shingo zetu,
hatukutia maji kitu chochote
ila mashuka.

Akaja Bi. Khavere, mfupi, na viatu vya mpira
alivyojinunulia mwenyewe Kibuye.
Wiki ya kwanza hakusema neno.
Alisimama tu: kando ya mapipa ya sabuni,
kando ya kamba za nyuma tukianua mbio,
mvua ya saa tisa ikishuka kutoka milima ya Nandi.
Tukanong'ona: huyu anahesabu.

Kumbe kweli alikuwa anahesabu.

Jumatatu akalitoa daftari lile lile.
Hakulichoma. Karatasi ni pesa, alisema.
Akaligeuza, akaanzia ukurasa wa mwisho,
akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma risiti:
"Tarehe nane, usiku. Ondieki alilisikia boila
kabla kipimo hakijasema. Akalizima.
Wodi ya kina mama haikukosa shuka."

Tukacheka, maana hatukujua kingine cha kufanya.
Yeye akavua kofia, akaivaa, akaivua.
Halafu: "Madamu, mimi si Ondieki.
Ondieki ni wa Kisii.
Mimi ni Ondiek. Natoka Ahero."

Kimya.
Miaka kumi na tisa herufi ile moja ilimning'inia
kama uzi kwenye ukosi, na hakuna aliyeukata.
Bi. Khavere akachukua kalamu, akaikata mbele yetu.
"Samahani, Ondiek. Hili naliandika upande wa pili."
Na kweli akaligeuza, akaandika,
chini ya makosa yetu,
jina lake.

Sitadanganya. Sifa hazilipi kodi Nyalenda.
Mwezi ule malipo ya saa za ziada yalichelewa,
Atemo akamwambia usoni:
maneno matamu hayasongi ugali.
Hakubisha. Akapanda ngazi hadi kwa mhasibu,
akashuka. Akapanda tena.

Mimi nilikuwa naingoja zamu yangu nikijifanya singoji.
Ilikuja Alhamisi, umeme umepotea,
akasoma kwa tochi ya simu:
"Nasambu hukunja shuka za watoto wachanga
pindo likiwa chini, lisiguse shavu."

Nani alimwambia?
Sikuwahi kumwambia mtu, hata mama.
Nilianza mwaka ule nilipompoteza wangu,
mikono ikaendelea yenyewe.
Nikainamia kapu, nikatafuta soksi ambayo haikuwemo.

Usiku nikamfikiria mgema wa Bwana Omuse
(mnazi wenyewe nimeuona kwenye kalenda tu).
Hakutusimulia habari za yule asiyesifiwa:
anapanda, anashuka, anapanda, anashuka,
tembo lake safi kabisa,
mpaka asubuhi moja anautazama mnazi
na hakumbuki hupandia nini.

Leo nimelikuta daftari juu ya pipa,
mwenyewe yuko juu kwa mhasibu, mara ya nne.
Kurasa za mbele na za nyuma zimekaribiana,
kati yake nyeupe chache.
Nikafuta mkono kwenye aproni, haukukauka vizuri.
Nikaandika: "Tarehe kumi na nne. Bi. Khavere"
nikakwama.
Mwenye kusifu wenzake husifiwa vipi?
"viatu vyake vimelowa tangu asubuhi. Hajaketi."
Wino umetapakaa kidogo.
Huenda usisomeke.